Korido ya ghorofa ya tatu na mteremko wa Kitonga: jibu kwa dada anayeogopa mahali pa juu

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, ni mhasibu, naishi Iringa mjini. Tangu utotoni naogopa mahali pa juu, ila nilikuwa nakwepa na maisha yanaenda. Sasa nimebanwa pande mbili. Mwezi wa nne ofisi yetu ilihamia ghorofa ya tatu, na ili nifike mezani kwangu lazima nipite korido ya nje yenye reli ya chuma. Napita nimejibandika ukutani, watu wananitazama. Pili, mama yangu anatibiwa Dar es Salaam na kila mwezi nashuka kumwona. Basi likianza kushuka Kitonga najifunika kanga usoni, nafumba macho, sifumbui mpaka nisikie wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Nafika shingo imekakamaa. Na kuna jambo naona aibu kulisema: nikiwa pale juu nahisi kama kuna kitu kinanivuta niruke. Sitaki kufa, nina watoto wawili. Je, naanza kuchanganyikiwa? Kuna dawa? Mume wangu anasema nijikaze tu.

Jibu: Marahaba, dada. Kamwene.

Nianze na hilo unaloliona aibu, maana nadhani ndilo linalokusumbua kuliko mengine yote. Huchanganyikiwi. Hisia ya kuvutwa uruke huwapata hata watu wasioogopa urefu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi 431. Zaidi ya nusu ya wale ambao hawajawahi kabisa kuwaza kujiua walisema hisia hiyo wamewahi kuipata. Maelezo waliyoyatoa yana mantiki: ukikaribia ukingo, kengele ya hatari mwilini hulia haraka kuliko fikra, unarudi nyuma hatua moja, kisha akili inakuja nyuma ya tukio na kujiuliza, “Mbona nimeruka nyuma wakati hakuna aliyenisukuma? Basi lazima nilitaka kujirusha.” Mwili ulikuwa unalinda uhai, akili ikausoma vibaya.

Ila nikuwekee mpaka hapo. Kama mawazo ya kufa yanakufuata hata ukiwa chini, jikoni au kitandani, kama umeanza kupanga namna, au kama huoni tena maana ya kesho, hilo si suala la urefu. Siku hiyohiyo mwambie mumeo au mtu unayemwamini, muende hospitali.

Sasa mwili wako unafanya nini pale koridoni? Binadamu akisimama wima hatulii kama nguzo. Anayumba kidogo mbele na nyuma muda wote, na anarekebishwa na taarifa zinazotoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Macho hufanya kazi hiyo kwa kutumia vitu vya karibu. Ukiwa sokoni mbele ya fungu la nyanya, kichwa kikisogea sentimita mbili, nyanya nazo huonekana zimesogea. Macho yanapeleka habari, misuli ya miguu inarekebisha, na wewe huku unauliza bei. Hamisha macho hayohayo mahali ambapo kitu cha karibu kabisa mbele yako ni mlima wa ng’ambo ya bonde. Kichwa kikisogea sentimita mbili, mlima hausogei. Macho hayana habari ya kupeleka. Mwili unayumba zaidi kidogo kabla ya kujirekebisha, na hapo ndipo unapohisi magoti yamelegea na sakafu kama inaondoka. Hiyo haitokani na moyo dhaifu, ndivyo macho ya binadamu yalivyoumbwa. Daktari Mjerumani Thomas Brandt na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1980: mvurugiko huanza pale ambapo kitu cha karibu kinapofika umbali wa mita 3 hivi, huongezeka kadiri umbali unavyokua, na ukifika mita 20 hivi hauongezeki tena kwa maana.

Namba hizo zinakuhusu moja kwa moja. Ghorofa ya tatu, kwa sakafu za mita 3 kila moja, ina mita 9, na macho yako ukiwa umesimama yako mita 10 na nusu kutoka ardhini. Kwa macho yako, Kitonga si kali mara mia kuliko korido yenu. Sehemu kubwa ya mvurugiko unaoupata Kitonga unaupata koridoni. Ndiyo maana nitakupeleka kwanza koridoni. Ipo pale kila siku, ni bure, na haina malori.

Wala hauko peke yako. Uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 3,500 nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta 28 kati ya kila 100 wamewahi kusumbuliwa na mahali pa juu kwa kiwango fulani. Wanaofikia kubadilisha maisha yao kwa ajili hiyo, kama wewe na ukuta wako, ni wachache zaidi.

Nije kwa mumeo. Anakutakia mema, lakini neno “jikaze” ndilo hasa usilolihitaji. Kujikaza ndicho mwili wako unachofanya tayari, tena kupita kiasi. Mtu mwenye hofu akiwa juu hukaza shingo, mabega, mapaja na vifundo vyote kwa pamoja. Mwili ulioganda hauwezi kufanya yale marekebisho madogo ya usawa, kwa hiyo unayumba kwa mikupuo, na kila mkupuo unaongeza hofu. Shingo inayokakamaa mpaka Ruaha Mbuyuni ni matokeo ya hilohilo. Unachohitaji ni kulegea ukiwa palepale. Huo ni ufundi na unafundishika.

Kuna jambo moja nakuomba ulishike vizuri, kwa sababu mazoezi yote yanasimama juu yake. Umepita korido ile mara nyingi tangu mwezi wa nne na hujaanguka hata mara moja. Mbona hofu haijapungua? Kwa sababu kila ukifika mlangoni salama, sifa anapewa ukuta. Ubongo unaandika: “Tumepona kwa sababu tulijibandika.” Kitonga sifa inapewa kanga. Ukishikwa mkono, inapewa mkono. Mwili wako haujawahi kupewa nafasi ya kugundua kwamba miguu yako ingetosha. Tiba ya hofu hii ni kuviondoa vitu hivi kimoja kimoja, kwa mpangilio, na kubaki pale muda wa kutosha mpaka sifa iende kwa miguu. Namna hii ya kupanda hatua kwa hatua ilipewa mfumo wa kitabibu na Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, katika miaka ya 1950, ingawa wapo waliojitibu hivyo zamani zaidi. Mwandishi Mjerumani Goethe, alipokuwa mwanafunzi Strasbourg mwaka 1770 na 1771, alikuwa akipanda mara kwa mara mnara wa kanisa kuu la mji ule hadi karibu na kilele, mpaka kizunguzungu kikamwacha.

Kabla ya mazoezi, hakikisha tunatibu hofu na si ugonjwa mwingine. Hofu ya urefu haikusumbui ukiwa chini. Kama dunia inazunguka ukigeuka kitandani au ukiinamia ndoo, na inatulia ndani ya dakika moja, huenda ni vijiwe vidogo vya sikio la ndani vilivyohama mahali pake. Daktari anaweza kuvirudisha kwa kukulaza na kukigeuza kichwa chako kwa mpangilio maalumu, bila dawa. Kama kizunguzungu kinakuja ukisimama ghafla, pimwa presha umelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo ndipo pa kushughulikia. Kama hedhi ni nzito au unachoka haraka kwenye mlima mdogo, pima wingi wa damu. Sikio linalovuma au kusikia kunakopungua ni la daktari wa masikio. Na kama unavaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili, ivue kwenye ngazi, maana ile sehemu ya chini hufanya kidato kionekane mahali ambapo hakipo.

Usije ukadhani pia kwamba utazimia. Mtu huzimia presha ikishuka, na katika hofu ya urefu mapigo ya moyo na presha hupanda. Wanaozimia kwa hofu kwa kawaida ni wale wanaoogopa damu na sindano, na kwao tiba ni tofauti kidogo.

Dawa: hakuna kidonge kinachoondoa hofu hii. Diazepam hutuliza kwa saa chache, lakini inaharibu usawa wa mwili mahali unapouhitaji zaidi, inazoeleka, na sifa inakwenda kwa kidonge. Bia ni vivyo hivyo. Propranolol hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, ila haimfundishi mtu kitu, na mwenye pumu haimfai. Usinunue hata kimoja dukani kwa ajili ya Kitonga.

Baada ya hapo, ikague reli. Naliweka hili mbele ya zoezi lolote kwa sababu hofu mara nyingine husema kweli, na mtu hafundishwi kuipuuza hofu inayosema kweli. Chukua futi ya fundi. Uzito wa mwili uliosimama umejikusanya karibu na usawa wa kitovu, chini yake kidogo. Kwa mwanamke wa sentimita 160 ni kama sentimita 88 hadi 90 kutoka sakafuni. Reli ikiwa juu ya hapo, mtu anayeiegemea hapinduki. Reli ya sentimita 100 hadi 110 inatosha. Ya sentimita 75, kama zile za nyumba nyingi zilizojengwa bila kufikiria, inakupiga mapajani na inaweza kukupindua kweli. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, kwa ajili ya watoto wanaokuja ofisini na wazazi wao. Kisha tazama chini, pale nondo inapoingia kwenye zege. Maji ya mvua hutuama pale, kutu huanzia pale, na rangi mpya huificha. Mwombe fundi wa kuchomelea aitikise. Ikicheza, mwambieni mwenye jengo, na mazoezi yasubiri ikazwe. Ikiwa imara, ziandike zile namba, utazihitaji ukiwa na hofu: sentimita 105, imara, imekaguliwa.

Sasa mwili. Jifunze haya matatu nyumbani, sakafuni, kwa siku nne au tano kabla ya kuyapeleka juu. Pumzi: vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, tumbo likipanda na kushuka badala ya kifua. Usivute pumzi kubwa kubwa haraka kama watu wanavyoshauriana. Ukihema hivyo unatoa hewa ukaa nyingi mno, mishipa ya damu inayokwenda kichwani inabana, na unapata kizunguzungu, midomo na vidole vinachonyota. Hapo unakuwa umejitengenezea mwenyewe dalili unazozikimbia. Miguu: simama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga, magoti yamelegezwa kidogo, yasifungwe kwa nyuma, na usikie kisigino, ukingo wa nje, kisha kidole gumba vikigusa kiatu. Viatu viwe bapa vyenye soli ya mpira. Macho: chagua kitu kisichosogea kilicho ndani ya mita 2 au 3, kibakize pembeni mwa jicho hata unapotazama mbali. Usitazame mawingu yanayokimbia wala gari linalopita chini, na usirushe kichwa nyuma kutazama juu. Sikio la ndani halipimi vizuri kichwa kikiwa kimelazwa nyuma.

Mazoezi yenyewe yawe siku tano kwa wiki, dakika 30 hadi 40. Saa 1 asubuhi kabla ya wenzako kufika panafaa sana. Kama unaanza Juni au Julai, vaa sweta zito. Upepo wa Iringa wa asubuhi unatetemesha mtu yeyote, na mwenye hofu hutafsiri baridi kuwa hofu, akahesabu zoezi limeshindikana.

Nunua daftari dogo. Kabla ya kila zoezi andika utakachofanya na unachotabiri kitatokea, kwa maneno yanayoweza kupimwa. “Nitajisikia vibaya” si utabiri. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

Jumanne, saa 1:10. Nasimama katikati ya korido, mikono yote miwili haijagusa kitu, dakika 10. Natabiri: magoti yataniachia kabla ya dakika 3. Nina uhakika 8 kati ya 10. Kilichotokea: magoti yalitetemeka dakika 2 za mwanzo. Sikuanguka. Sikugusa ukuta. Hofu kati ya 10, kila baada ya dakika 2: 8, 8, 7, 5, 4.

Tazama zile namba. Hofu ilikaa 8 kwa muda kabla ya kushuka, na watu wengi hukimbia palepale kwenye ile 8 ya pili, wakiamini itakwenda 9, 10, kisha kitu kipasuke. Haiendi hivyo. Mwili hauwezi kupiga kengele kwa nguvu ileile bila kuchoka. Ukikimbia kwenye 8, sifa inapewa mlango. Kwa hiyo kanuni ni moja: usiondoke hofu ikiwa kileleni. Ikikushinda, rudi nusu hatua kuelekea ukutani bila kuugusa, baki hapo itulie, kisha usogee tena. Na kama siku fulani hofu haishuki sana lakini utabiri wako haukutimia, zoezi limefaulu. Utabiri kushindwa una uzito kuliko namba kushuka.

Hatua za korido zianze na ukuta. Sasa hivi unaegemea kwa bega zima. Siku ya kwanza uguse kwa kiganja, kisha kwa vidole viwili, kisha kwa kidole kimoja, kisha mkono uwe karibu bila kugusa. Huenda hilo peke yake likala siku tatu, na haidhuru. Halafu katikati ya korido, umesimama. Halafu katikati, unatembea polepole hadi mwisho na kurudi mara sita. Ukifika hapo, sogea mpaka reli iwe umbali wa mkono ulionyooka, na uweke kiganja juu yake kikiwa wazi. Usiifumbate. Mkono uliofumbata chuma mpaka vifundo vinakuwa vyeupe umehamisha ukuta tu. Kisha kutazama chini, nako kuna ngazi zake: kwanza ukingo wa sakafu unaokanyaga, halafu reli ya ghorofa iliyo chini yako, halafu kitu kimoja kilichotulia ardhini, tuseme pikipiki iliyoegeshwa, ukikitazama sekunde 10, kisha 30, kisha dakika 2, huku reli ikibaki ndani ya jicho. Usishangae ile hisia ya kuvutwa ikija hapa. Isemee kwa jina, “kengele hiyo,” na ubaki. Mwisho kabisa ipe reli mgongo umbali wa hatua moja, umebeba faili kwa mikono miwili, na ubaki hivyo dakika 5. Wengi wanaona hiyo ngumu kuliko kutazama chini, kwa sababu macho hayana tena nafasi ya kulinda.

Kwa kasi ya kawaida, hayo yote ni wiki tatu hadi tano. Kuna tiba inayofanyika kwa kikao kimoja cha hadi saa tatu mfululizo, iliyobuniwa na Lars-Göran Öst wa Uswidi, na inafanya kazi vizuri kwa hofu za namna hii. Ila ile inataka mtaalamu aliye pembeni yako muda wote. Usiijaribu peke yako.

Mumeo ana kazi, na nakuomba umsomee aya hii. Shemeji, katika wiki mbili za kwanza unaweza kwenda naye Jumamosi. Simama umbali wa mita 2, usimshike kiuno, usimvute, usimwambie “ona, hakuna kitu,” na hata siku moja usimtanie kwa kujifanya unamsukuma. Mzaha huo mmoja unaweza kufuta kazi ya wiki tatu. Uliza tu, kila baada ya dakika mbili, “Ngapi?” Akitaja namba, itikia, nyamaza. Baada ya hapo aende peke yake, la sivyo ukuta unakuwa wewe.

Korido ikishakuwa 2 au 3, nenda mwamba wa Gangilonga. Uko mjini, unapandika kwa miguu, na kama ujuavyo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Faida yake ni kwamba juu yake hakuna reli wala ukuta wa kupewa sifa. Hatari yake ni hiyohiyo, na hapa nataka uisikilize hofu yako kwa heshima. Jiwe la mviringo halina ukingo unaoonekana. Linainama kidogo, kidogo zaidi, kisha miguu haishiki tena. Weka mpaka wako pale jiwe linapoanza kuinama na ubaki nyuma yake mita 3, yaani hatua nne ndefu. Nenda wakati wa ukavu, asubuhi, na mwenzako. Jiwe likilowa, hata likiwa na umande tu, ahirisha. Kaa chini kwanza dakika 10, kisha simama, kisha tembea hapo juu penye usawa. Ukiona vijana wanakaa ukingoni kabisa wakipiga picha, hao si kipimo cha kupona kwako. Kupona ni kusimama penye usalama ukiwa umetulia, na kukataa penye hatari bila kuona aibu.

Nimebakiza Kitonga. Pale kuna mambo mawili yaliyochanganyika, na kuyatenganisha ni nusu ya tiba. Kuogopa bonde ni la kwako. Kuogopa lori lililokatika breki au dereva anayepita gari lingine kwenye kona ni akili timamu, na dawa yake ni basi la mchana, mkanda uliofungwa, na kumwambia kondakta kwa sauti pale dereva anapokosea. Usiyaweke hayo kwenye daftari la hofu.

Safari moja kwa mwezi ni chache mno kwa mwili kujifunza. Kwa hiyo tenga Jumamosi moja ushuke hadi Ruaha Mbuyuni asubuhi, ule, upande tena mchana. Siku moja hiyo ni sawa na mwezi wako mzima, na mpando na mteremko hutoa picha tofauti, unahitaji zote. Usile sana kabla, na usisome simu kwenye kona. Kichefuchefu cha safari kikija juu ya hofu huwezi kujua kipi ni kipi.

Mara ya kwanza kaa siti ya ndani, siyo ya dirishani, mbele kidogo ya katikati ya basi. Kanga iwe mapajani, imekunjwa. Basi likianza kuinama, legeza mabega, weka nyayo zote mbili sakafuni, kichwa kiegemee kiti bila kukazwa. Tazama mgongo wa siti iliyo mbele yako kwa kona tatu za kwanza, macho wazi. Kona tatu zinazofuata tazama kioo cha dereva na barabara inayokuja. Halafu dirisha la pembeni: kwanza fremu yake, kisha ukingo wa barabara, kisha miti ya karibu, na mwisho kule bondeni, sekunde chache, ukirudisha macho kwenye fremu. Ukifumba macho kwa kushtuka, fumbua tu na uendelee. Kilichoharibika ni kona moja. Safari ya pili iweke kanga kwenye begi. Ya tatu omba siti ya dirishani upande wa bonde.

Ukikwama mahali zaidi ya wiki mbili bila namba kusogea, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Iringa, ulizia kitengo cha afya ya akili, na useme unatafuta tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua. Peleka lile daftari. Wapo wanaoogopa kwamba kuingia mlango huo ni kuanza safari ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Siyo. Hofu ya mahali pa juu inatibiwa ukiwa unaendelea na kazi yako, kwa vikao vichache.

Na ujue itarudi. Baada ya malaria, baada ya usiku kadhaa wa kumuuguza mama bila kulala, baada ya likizo ndefu, utakuta korido iliyokuwa 2 imekuwa 5. Rudi hatua mbili nyuma, siku tatu, uipande tena. Mara ya pili huchukua muda mfupi. Safari za Kitonga nazo ziandike zikiwa bado za moto: basi likisimama Ruaha Mbuyuni, kabla hujanyoosha mkono dirishani kununua vitunguu, toa daftari uandike ulichotabiri, kilichotokea, na ni kona ngapi ulizipita macho yakiwa wazi.